Jiko, Kofia na Lebo ya Mama

Biashara nyingi za familia zetu hapa Maskati ni kapu. Ndani yake mna sambusa, mna kanga, mna kofia, na wakati mwengine mna tiketi ya mjomba anayekwenda Unguja. Pesa huingia na kutoka kwa mlango mmoja, na mwisho wa mwaka mtu akiuliza tumepata nini hujibiwa, "Alhamdulillahi, tumekula." Jibu hilo halina ubaya, mpaka siku ndugu mmoja atake sehemu ya ndugu mwengine ifungwe.

Kwetu siku hiyo ilifika mwaka juzi, wiki chache baada ya Idi ndogo. Kaka yetu alikaa kwenye mkeka, akanywa kahawa yake, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba jiko linatunyonya. Pesa zinazoingia jikoni, alisema, zikitiwa kwenye kofia zitarudi na wenzake. Mdogo wangu, ambaye ndiye jiko lenyewe, hakujibu. Ameachwa, ana watoto wawili wa skuli, na hana kazi nyengine. Mama alikuwa anachambua mchele, naye akanyamaza.

Kwa msomaji asiyeijua Ghubra: barabara kuu ya Sultani Qaboos imeikata pande mbili. Kaskazini inashuka kuelekea baharini, Kusini inaelekea milimani, na sisi tuko Kusini. Ukipanda darini kwetu unaiona minara ya Msikiti Mkuu uliofunguliwa 2001. Watu wanaosema Kiswahili ni wengi mjini hapa. Wako waliokimbia Mapinduzi ya 1964, na wako wengi zaidi waliokuja baada ya 1970, nchi ilipofunguka. Mama ni katika hao wa pili. Alianza kwa kuuza mkate wa kumimina kwa majirani, na hiyo ndiyo asili ya kila kitu tulicho nacho.

Leo tuna chumba kimoja cha kukodi. Nyuma ni jiko: sambusa, katlesi, vitumbua, maandazi. Mbele ni rafu za kofia za mkono zinazodariziwa na wanawake wa Unguja na Pemba, zile ambazo jina lake la Kiomani halitamkiki kwa Kiswahili mbele ya wakwe. Kaka ndiye anayezifuata. Pembeni ni kanga na madira, ambayo ni kazi yangu, pamoja na kuweka hesabu, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma mambo hayo na ndiyo kazi yangu ya ajira.

Nilimwomba kaka kitu kimoja: mwaka mmoja, Ramadhani na Idi zote mbili zikiwa ndani yake. Akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu alikuwa na hakika na jibu.

Hesabu zetu tangu zamani zilikuwa sahihi. Kila riali ilikuwa imeandikwa, ila ilikuwa imeandikwa ili kujibu swali moja tu. Akaunti hukwambia pesa hii ni ya kitu gani: vyakula, petroli, kodi, mshahara. Haikwambii ni ya kazi gani. Kilo kumi za unga ni "vyakula", basi. Kama unga ule umekwenda kwenye sambusa za harusi, au maandazi ya asubuhi, au msiba wa jirani, akaunti haijui. Hapo ndipo inapohitajika lebo, alama ndogo unayoibandika kwenye kila muamala mbali na akaunti yake, kama ile lebo iliyoshonwa ndani ya kola ya shati. Shati ni lilelile, lebo inasema limetoka wapi.

Wengi wakitaka kujua zaidi huongeza akaunti. Hufungua unga wa harusi, unga wa Ramadhani, petroli ya kofia, petroli ya kanga. Sisi tuna akaunti 12. Ukizigawa kwa kazi tatu na minasaba mitatu unapata akaunti 108, na hapana binadamu atakayeandika vizuri katika akaunti 108 akiwa na unga mikononi. Kwa lebo unabaki na akaunti zako 12 na lebo sita, na ripoti inajikata yenyewe upande unaoutaka.

Programu za hesabu karibu zote zina kitu hiki kwa jina lake. Zoho Books, ambayo wafanyabiashara wengi wadogo wa hapa wanaitumia, ina lebo za ripoti. QuickBooks ina madaraja. Xero inakupa makundi mawili ya kufuatilia kwa wakati mmoja, na kwa maoni yangu mawili yanatosha. Anayetaka matano hajui bado anauliza nini. Sisi hatukununua programu. Tulitumia Excel: kila muamala mstari mmoja, na safu mbili zimeongezwa mwishoni. Ukitaka programu, angalia jambo moja kabla ya kuanza: iwe na tarakimu tatu baada ya nukta. Riali ina baisa 1,000, na programu iliyozoea senti mia itaigeuza sambusa ya 0.125 kuwa 0.13. Kwa sambusa moja si kitu. Kwa trei za Ramadhani utatafuta riali ambazo hazipo.

Safu ya kwanza niliiita Kazi. Humo mna Jiko, Kofia na Nguo, na nyengine mbili nitakazozieleza: Pamoja na Mama. Safu ya pili ni Mnasaba, kwa ajili ya jiko tu: Ramadhani, Shughuli, Kila siku. Shughuli ni harusi, khitma, arobaini, maulidi, chochote mtu anachokiagizia trei.

Sharti lilikuwa moja, nalo ndilo zito: lebo huandikwa na aliyetoa pesa, siku ileile, nyuma ya risiti, kabla hajaitia mfukoni. J, K, N, P au M. Mwisho wa mwezi hapana anayekumbuka. Risiti moja ya duka kubwa inaweza kuwa na mafuta ya kupikia, wanga wa kupigia kofia na maziwa ya watoto. Hiyo inakatwa mistari mitatu, si kupewa lebo ya kile kilicho kingi. Na kila Alhamisi usiku nilichuja mistari isiyo na lebo. Ikiwa ipo, mwenyewe anaitwa aeleze. Ripoti yenye fungu kubwa la "bila lebo" haina faida, kwa sababu kila mtu atasema fungu lile ni la mwenzake.

Kofia zilitaka uangalifu wa aina yake. Kaka hununua mapema, miezi kabla ya Idi, na pesa hulala kwenye rafu. Ukiihesabu gharama siku ya kununua, Rajabu utaona kofia ni maangamizi, na Shawwal utaona kofia ni dhahabu, na vyote viwili ni uongo. Kwa hiyo kila kofia ilipewa namba kwenye kikaratasi ndani yake, na gharama yake iliingia kwenye Kazi: Kofia siku ilipouzwa, si kabla.

Mwaka ukaisha. Nilizichapisha karatasi tatu, nikampa kila mmoja yake, na ya nne nikamsomea Mama.

Kofia ziliuza riali 11,700. Zilizouzwa ziligharimu 7,920, na usafirishaji, kufua na kupiga wanga 545. Zikabaki 3,235. Nguo ziliuza 3,150, zikabakisha 575, na kwa hilo nilijua zamani kwamba mimi si tajiri. Jiko liliuza 9,860. Vyakula vilikuwa 4,275, gesi na vifaa vya kupakia 610, msaidizi wa jikoni 1,440. Likabaki 3,535.

Jiko lilikuwa mbele ya kofia kwa riali 300.

Kaka aliisoma mara mbili. Kisha akauliza swali zuri, na namsifu kwalo: kama ni hivyo, kwa nini kila mwaka macho yake yalikuwa yanaona vyengine? Jibu lilikuwa kwenye lebo ya tano. Mama, tangu namjua, hutoa. Akisikia msiba Ghubra, Azaiba au Khuwair, trei inatoka. Mgonjwa akilazwa, chakula kinatoka. Jirani amejifungua, uji na vitumbua. Zamani vyakula vile vilihesabiwa kuwa matumizi ya jiko kwa sababu vilitoka jikoni. Mwaka ule kila kilichotoka kwa amri yake kilipewa M, kwa gharama ya vitu vyenyewe, na jumla ilikuwa riali 412. Zirudishe 412 kwenye jiko uone: 3,535 inakuwa 3,123, na kofia zinapita mbele. Macho ya kaka yalikuwa sawa. Alikuwa anaiona sadaka ya Mama na kuiita hasara ya mdogo wangu.

Mdogo wangu ndipo alipolia. Miaka yote ile aliamini na yeye kwamba anabebwa.

Sitaki msomaji afikiri kwamba baada ya hapo tulikumbatiana. Tulianza kugombana upya, safari hii juu ya lebo ya nne.

Pamoja ni gharama ambazo hazina mwenyewe: kodi ya chumba 1,320 kwa mwaka, gari na petroli 960, simu na intaneti 420, leseni na ada 165. Jumla 2,865. Kaka akasema, na ni haki yake kusema, kwamba ripoti isiyo na kodi si ripoti. Jiko linachukua thuluthi mbili za chumba, basi lilipe thuluthi mbili za kodi. Nikampigia. Jiko hutozwa 880 na kubaki na 2,655. Theluthi iliyobaki ni 440. Ukiipa kofia 300 na nguo 140, kofia zinabaki na 2,935. Kofia mbele.

Mdogo wangu akasema kodi igawanywe kwa mauzo, anayeuza zaidi alipe zaidi. Nikampigia na yeye. Jiko 527, kofia 625, nguo 168. Jiko linabaki na 3,008, kofia na 2,610. Jiko mbele.

Karatasi ileile, kodi ileile, washindi wawili. Hapana kanuni ya hesabu inayosema nani mkweli hapo. Hata kampuni kubwa zenye hisa sokoni, ambazo tangu 1 Januari 2009 kanuni ya nane ya kimataifa ya taarifa za fedha inazitaka zieleze kila sehemu ya biashara peke yake, huamua zenyewe namna ya kugawa gharama za pamoja, ilimradi ziseme zimegawa vipi na kwa msingi unaoeleweka. Kwa hiyo nilikataa kuigawa. Pamoja imebaki Pamoja. Kila kazi inaonyeshwa ilichobakisha kabla ya kodi, kisha chini kabisa, mara moja, 2,865 inatolewa kwenye jumla ya 7,345, na familia inabaki na 4,480. Anayetaka kufunga kazi ya mwenzake aseme ni gharama ipi itakayoondoka siku ile ikifungwa. Jiko likifungwa, kodi haipungui hata baisa moja. Mwenye nyumba hatatukatia chumba. Kinachoondoka ni ile 3,535.

Hoja hiyo kaka aliielewa kabla sijamaliza kuisema. Yeye ni mfanyabiashara hodari kuliko mimi.

Nataja kidogo kodi ya ongezeko la thamani, maana nimeulizwa na wasomaji wawili watatu wanaofanya biashara namna yetu. Oman iliianza tarehe 16 Aprili 2021, kwa asilimia 5. Mauzo yanayohusika na kodi hiyo yakifika riali 38,500 katika miezi 12, kujiandikisha ni lazima. Yakipita 19,250 unaweza kujiandikisha kwa hiari. Kinachohesabiwa ni mauzo yote ya mwenye leseni. Lebo zako ni za kwako. Huwezi kusema jiko ni mtu mmoja na kofia ni mtu mwengine ili kila mmoja abaki chini ya mpaka. Sisi jumla yetu ilikuwa 24,710, tukajua tuko wapi.

Sasa safu ya pili, ile ya Mnasaba. Hii sikuitazamia, na ndiyo iliyoniuma.

Ramadhani jiko liliuza 4,120 na kubakisha 2,000. Shughuli ziliuza 3,060, zikabakisha 1,445. Oda za kila siku, yaani maandazi na vitumbua vya asubuhi kwa watu wa maofisini, Jumapili mpaka Alhamisi, ziliuza 2,680. Zilibakisha riali 90.

Tisini, kwa mwaka mzima. Mshahara wa msaidizi tuliugawa kwa saa, alizoziandika mwenyewe ukutani kwa penseli, na saa zake nyingi zilikuwa za alfajiri. Mdogo wangu mwenyewe huamka saa kumi za usiku kwa ajili ya maandazi hayo, na kazi yake haimo humo, kwa sababu hapana aliyewahi kumlipa. Petroli ya kuyapeleka nayo iko kwenye Pamoja. Kwa hiyo hata 90 ni ya kuazima.

Nilidhani atasema tuyaache. Akasema, "Dada, unajua trei za harusi ya mwezi wa tatu nani aliziagiza? Yule mama wa ofisi anayechukua maandazi kumi kila Jumatatu." Tukakaa tukapitia oda za Shughuli moja moja, yeye akitaja kila mteja alikotokea. Zaidi ya nusu walianza kwa maandazi ya asubuhi. Hapana safu iliyokuwa inaonyesha hilo, wala sidhani kama inafaa kuwepo. Mteja hana lebo moja. Lakini tisini zilitufanya tuulize, na bila kuuliza asingenijibu.

Tuliyoamua ni haya. Maandazi yamebaki siku mbili, Jumapili na Jumatano, kwa oda ya kuanzia vipande kumi, na siku tatu mdogo wangu analala mpaka alfajiri ya kweli na kuwapeleka watoto skuli mwenyewe. Analipwa mshahara, 120 kwa mwezi, sawa na msaidizi. Ni mdogo, lakini unaandikwa, na jiko hata baada ya kuutoa linabakisha. Kaka alipoona hivyo akadai na yeye siku zake za safari zihesabiwe. Tukazihesabu. Kofia zikapungua kidogo, naye akanuna siku mbili. Kisha akaacha kununua kofia za bei ya juu sana kwa wingi, kwa sababu namba za ndani zilionyesha ndizo zilizolala rafuni kupita Idi mbili.

Mama tulimpa fungu lake wazi: riali 35 kila mwezi, kutoka kwenye faida ya wote, si ya jiko. Tulidhani atafurahi. Akauliza kwa nini misiba ya watu iwekewe kiwango. Mwezi wa pili alilipita, mwezi wa tatu pia, na kaka ndiye aliyeongeza kutoka mfukoni kwake bila kuambiwa. Hiyo sikuiandika popote.

Karibuni kaka ameomba lebo mpya: anataka kujua kofia za Pemba na za Unguja, zipi zinatoka haraka. Nimemwambia ataipata Januari. Katikati ya mwaka siongezi lebo, maana nusu ya mwaka itakuwa nayo na nusu haina, na ukilinganisha utaambiwa Pemba imelala ilhali haikuwa imeandikwa. Na lebo ya zamani siifuti hata kama haitumiki. Naifunga tu, miaka iliyopita ibaki inasomeka. Kwa sasa anaandika kwa mkono, P au U, kwenye vile vikaratasi vya ndani. Nimemkumbusha kwamba kwetu P ni Pamoja. Ametafuta kalamu nyekundu.